Wadi al-Makhazin: Mto, Mnara na Hukumu ya Kuomba Msaada Dhidi ya Waislamu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Huulizwa mara kwa mara: je, yafaa Muislamu kufunga safari kwenda kuangalia mahali palipopiganwa vita zamani? Wako wanaoikataza kwa ile Hadithi mashuhuri ya kutofunga safari ila kwenda misikiti mitatu. Tuonavyo sisi, Hadithi hiyo inahusu kuikusudia sehemu kwa ajili ya ibada, kwa kudhani kwamba kuswali hapo kuna fadhila maalumu. Anayesafiri ili ajifunze yaliyowapata watu waliopita hayumo humo. Qur'ani yenyewe imetuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame, na aya za namna hiyo ni nyingi. Sharti ni kwamba mtu asiende kuomba makaburini, wala asichote udongo wa baraka.

Kwa nia hiyo tulikwenda kaskazini ya Morocco, karibu na mji wa Al-Qasr al-Kabir, kuutazama uwanja wa Wadi al-Makhazin. Mgeni anayetazamia makubwa atavunjika moyo, maana leo ni mashamba. Mto Makhazin ni mdogo, nao unaingia katika mto mkubwa zaidi uitwao Lukkus, unaoteremka hadi baharini kwenye mji wa Al-Araish, ambao ramani huuandika Larache. Serikali ya Morocco imejenga katika bonde hilo lambo kubwa lenye jina la vita hivyo, lililokamilika mwaka 1979.

Hapo, mwisho wa Jumada al-Ula 986 Hijria, sawa na tarehe 4 Agosti 1578, walikufa wafalme watatu kwa siku moja.

Habari yenyewe ni hii. Sultani Muhammad al-Mutawakkil wa ukoo wa Saadi alinyang'anywa ufalme mwaka 1576 na baba yake mdogo, Abd al-Malik, aliyekuja na msaada wa Waturuki wa Algiers. Al-Mutawakkil alikimbia, na mwisho akaenda kwa Sebastião, mfalme wa Ureno, kijana wa miaka 24 aliyekuwa akitamani sana vita vya msalaba. Wareno wakapata bandari ya Asila, na yeye akaahidiwa kurudishwa kwenye kiti. Sebastião akavuka bahari na jeshi la Wareno, Wahispania, Wajerumani na Wataliana. Alichokuwa akikitaka ni Al-Araish. Angeweza kwenda kwa merikebu, lakini alipita nchi kavu kutoka Asila, katika joto la Agosti, na merikebu zake zikutane naye huko.

Abd al-Malik alikuwa mgonjwa mahututi. Alimwacha adui aingie ndani, mbali na bahari na chakula chake. Wareno walipokwisha kuuvuka Makhazin, akaamuru daraja livunjwe nyuma yao. Hapa msomaji wa pwani atafahamu jambo kwa wepesi kuliko wengine: maji ya bahari hupanda ndani ya mito ile, na ile ilikuwa siku ya mwandamo, yaani siku za bamvua. Mto uliokuwa ukivukika asubuhi haukuvukika tena jioni. Vita vilichukua saa zipatazo nne. Abd al-Malik alifia ndani ya machela yake vita vikiendelea, na hajibu wake, Ridwan, akaificha habari, akawa anatoka na kutoa amri kana kwamba Sultani yu hai. Sebastião aliuawa. Al-Mutawakkil alijaribu kukimbia akazama mtoni. Wareno wapatao 8,000 waliuawa, na karibu wote waliosalia wakatekwa.

Wengi husimulia mpaka hapo, wakapiga takbiri, wakaondoka. Lakini ndugu zetu maimamu na wanafunzi wana haja zaidi na kilichotangulia vita, nacho ni barua.

Kabla ya mapigano, al-Mutawakkil aliwaandikia wakubwa na wanazuoni wa Morocco akijitetea. Alisema kwamba wamevunja bai'a yake, na kwamba aliyedhulumiwa akikosa wa kumsaidia miongoni mwa Waislamu, dharura inamruhusu kutafuta msaada kwa wengine. Wanazuoni walimjibu kwa barua ndefu, iliyohifadhiwa katika kitabu cha historia cha al-Ifrani kiitwacho Nuzhat al-Hadi. Walimkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliiacha miji na kukimbia, kwamba ameutoa mji wa Waislamu mkononi mwa adui, na kwamba Mtume (s.a.w.) alikataa msaada wa mshirikina.

Hadithi waliyoitegemea imo katika Sahih Muslim, kutoka kwa Bi Aisha (r.a.). Njiani kuelekea Badr, mtu mmoja shujaa alijitolea kupigana upande wa Mtume (s.a.w.), naye akamrudisha mpaka aliposilimu. Mwanafunzi makini atauliza: mbona katika Hijra aliyewaongoza njia alikuwa Abdullah bin Urayqit, naye hajawa Muislamu? Na mbona kwa vita vya Hunayn Mtume (s.a.w.) aliazima deraya za Safwan bin Umayya, naye bado mshirikina? Ni maswali ya haki, na kwa ajili yake mafakihi walihitilafiana. Imamu Malik aliukataza msaada wao vitani, isipokuwa katika kazi za utumishi. Imamu Abu Hanifa na Imamu Shafi'i waliuruhusu kwa masharti, kwamba hukumu ya Uislamu iwe ndiyo ya juu, au kwamba iwepo haja na wanaosaidia waaminike.

Lakini hayo yote ni katika kupigana na wasiokuwa Waislamu. Kuwaleta wao wawapige Waislamu ni mlango mwingine. Sisi watu wa madhehebu ya Shafi'i tunayo hukumu hiyo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, mlango wa bughati: haombwi kafiri msaada dhidi yao. Ikiwa hata mtawala wa haki, anayepambana na waasi, amekatazwa, vipi aliyekwisha kupinduliwa? Wahanafi wameacha nafasi hapo, kwa sharti kwamba hukumu ya watu wa haki ndiyo itakayotawala. Al-Mutawakkil hakuwa na sharti hilo, kwani jeshi halikuwa lake. Tuongeze, ili tusieleweke vibaya, kwamba suala hili ni la vita. Halihusu biashara, ujirani mwema, wala daktari.

Nasi pwani yetu tumeyaonja. Malindi ilimpokea Vasco da Gama mwaka 1498 kwa kuwa ilikuwa na ugomvi na Mombasa, na Wareno walipoiteketeza Mombasa mwaka 1528, watu wa Malindi walikuwa pamoja nao. Katika miaka ya 1590 mfalme wa Malindi akakalishwa Mombasa, na Ngome ya Yesu, iliyoanzwa 1593, ikainuka pembeni yake. Mwanawe, Hasan bin Ahmad, aligombana na makapteni wa ngome, akauawa kwa hila yao mwaka 1614. Mjukuu, Yusuf, alipelekwa Goa akabatizwa; aliporudi, alirejea katika Uislamu na kuiteka ngome mwaka 1631. Wako wanaosema kwamba Wadi al-Makhazin iliikomboa Afrika Mashariki. Tarehe hizi haziwaungi mkono. Ureno iliingia chini ya mfalme wa Hispania mwaka 1580, na ngome ilijengwa kwa amri yake.

Kuna jambo jingine la uwanja ule ambalo hatupendi kulificha. Maiti ya al-Mutawakkil ilitolewa mtoni, ikachunwa ngozi, ikajazwa makapi na kuzungushwa mijini. Mpaka leo vitabu vinamwita al-Maslukh, aliyechunwa. Mtume (s.a.w.) amekataza kuharibu maiti hata ya adui wa dini, na Hadithi yake imo katika Sahih Muslim. Kwamba waliofanya hivyo ni washindi, na ni wa upande wetu, hakuigeuzi haramu kuwa halali.

Kutoka hapo tulifuata bonde la Lukkus mpaka Al-Araish, mwendo wa kilomita 30 na kitu. Adhuhuri tuliswali nyuma ya imamu mkaazi, kwa hiyo tulitimiza rakaa nne ingawa tulikuwa wasafiri. Ndiyo hukumu ya msafiri anayemfuata mkaazi. Jioni tulikwenda kwenye mnara wa taa ya baharini, ulio juu ya majabali nje ya mji. Ukisimama pale unaona wazi kwa nini kila mtu aliutaka mji huu. Mdomo wa mto una fungu la mchanga linalozuia merikebu kubwa, na ndani yake mna maji yaliyotulia ya kuficha mashua. Ndugu yake Abd al-Malik, Ahmad, aliyepewa jina la al-Mansur siku ile ya ushindi, alijenga ngome mbili kuulinda mlango huo, na inasimuliwa kwamba mateka wa Wadi al-Makhazin walitumika katika kazi.

Na ni mji huohuo ambao mwanawe al-Mansur, Muhammad al-Shaykh al-Ma'mun, aliutoa kwa Hispania mwaka 1019 Hijria (1610), ili asaidiwe dhidi ya ndugu yake Zaydan. Miaka 32 tu ilikuwa imepita. Ulikaa mikononi mwao mpaka Mawlay Ismail alipourudisha mwaka 1689.

Al-Ma'mun naye alitaka fatwa. Aliwauliza wanazuoni wa Fez: watoto wangu wameshikwa rehani huko, nao hawaachiliwi ila kwa Al-Araish, je, yafaa niwakomboe kwayo? Swali liliundwa vizuri, maana kukomboa mateka ni wajibu, na aliyelisoma bila kujua mambo angeona huruma ya baba. Hakutaja kwamba ni yeye aliyewapeleka. Baadhi yao walijibu kwamba yafaa. Wengine walijificha majumbani au wakaukimbia mji ili wasitie mkono. Miongoni mwa waliojificha alikuwemo Ahmad al-Maqqari, ambaye baadaye aliiacha Fez, akahiji, akakaa Misri, na huko akaandika historia yake kubwa ya Andalusi. Alifariki mwaka 1041 Hijria (1632), Mwenyezi Mungu amrehemu.