Kulala Seeb, Kutembea Matrah

Mgeni wa kutoka Unguja, Dar es Salaam au Mombasa anayekwenda Maskati kwa mara ya kwanza hutarajia kufikia mjini. Mara nyingi hafikii mjini. Jamaa zake, ambao wengi waliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na kupata makazi Oman hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, leo wanakaa Mabela, Khoudh au Mawaleh upande wa Seeb, au Amerat. Wengine wamesogea hadi Barka, ambayo haimo katika mkoa wa Maskati. Soko la Matrah alilolisikia tangu utotoni linaweza kuwa zaidi ya kilomita 40 kutoka kitanda anacholalia. Je, anaweza kulifikia bila kumngoja binamu yake arudi kutoka kazini na gari?

Anaweza. Lakini inategemea jambo ambalo wachache hulichunguza kabla ya safari: nyumba anayofikia iko umbali gani kutoka Barabara ya Sultani Qaboos.

Ili kuelewa kwa nini barabara moja ina uzito huo, tutazame mji ulivyokua. Hadi mwaka 1970 Maskati ilikuwa mji mdogo ndani ya kuta, milango yake ikifungwa usiku, na nchi nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za lami. Ndege zilitua Bait al Falaj, pale Ruwi, mpaka uwanja mpya ulipofunguliwa Seeb mwaka 1973. Milima ya Hajar imeukaba mji upande wa kusini na bahari imeukaba kaskazini, kwa hiyo ulipoanza kupanuka haukuwa na pa kwenda ila magharibi. Ofisi na biashara zikajaa Ruwi, wizara zikajengwa Khuwair, na viwanja vya kujengea nyumba vikazidi kusogea kuelekea Seeb na ng'ambo yake. Matokeo yake ni mji mrefu na mwembamba kama utepe, wa kilomita hamsini hivi, wenye barabara kuu inayoupitia karibu wote.

Mji wa namna hii humchosha mtembea kwa miguu, lakini unafaa sana kwa basi. Mstari mmoja ukipangwa vizuri unagusa karibu kila kitu. Ndivyo ilivyofanyika Novemba 2015, pale kampuni ya taifa ya usafiri, iliyokuwapo tangu 1972, ilipojiita Mwasalat na kuleta mabasi mapya mekundu. Njia namba 1 ikaanza kati ya Ruwi na Mabela. Nauli zilipoanza zilikuwa baisa 200, 300 au 500 kulingana na umbali, yaani nusu riali kwa safari ndefu kabisa. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imeporomoka tangu 2014, na Januari 2016 serikali ikapandisha bei ya petroli ndani ya nchi. Familia nyingi ambazo hazikuwahi kuwaza basi zikaanza kulifikiria.

Sasa tufike kwenye lile linalomkwamisha mgeni. Barabara ya Sultani Qaboos ni pana, ina magari ya kasi, na huivuki popote upendapo. Lazima utafute daraja la waenda kwa miguu au njia ya chini. Kwa hiyo upande wa barabara ni muhimu kuliko idadi ya kilomita. Ukitoka Seeb kuelekea mashariki, basi linakushusha upande wa kusini, na Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos uko upande huohuo, kwa hiyo unashuka na kuingia. Jumba la Opera, lililofunguliwa 2011 kule Shatti al Qurum, liko upande wa bahari. Hapo lazima uvuke. Mwezi wa Juni, joto likipita nyuzi 40, robo saa ya kutafuta pa kuvukia inaweza kumvunja nguvu mtu mzima. Kwa sababu hiyo nyumba ya Mawaleh iliyo jirani na barabara kuu ina faida kuliko ile iliyo karibu na soko la zamani la Seeb, ingawa Seeb ya pwani inavutia zaidi kwa macho na kwa halua yake. Ukikaa pwani, tenga fedha za teksi ya kukufikisha kituoni.

Matrah nayo haifikiwi kwa basi moja. Unashuka Ruwi, unapanda njia namba 4. Amerat, iliyo nyuma ya milima, ina njia yake ya kutoka Ruwi. Anayekaa Barka au Nizwa atumie mabasi ya mikoani na kuulizia Burj al Sahwa, karibu na uwanja wa ndege, ambako safari nyingi hukutana. Ijumaa asubuhi usipange kitu chochote cha haraka.

Teksi za rangi ya machungwa na nyeupe ni msaada mkubwa kwa kipande kilichobaki. Kazi hiyo ni ya raia wa Oman peke yao, na kwa kuwa raia wengi wana asili ya Zanzibar, si ajabu dereva akakujibu kwa Kiswahili safi cha Unguja. Patana bei kabla ya kupanda, na useme wazi kama unachangia gari na abiria wengine au unalikodi peke yako.

Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, kiko ndani ya nyumba. Mwenyeji wa Kiomani huona aibu mgeni wake kupanda basi. Shangazi atasema, "Mwanangu, ngoja Ijumaa, tutakupeleka sote." Maneno hayo yana mapenzi ya kweli ndani yake, na mgeni anayeyadharau anakosea adabu. Lakini matokeo yake tunayajua: wiki inapita mgeni akiwa sebuleni, akinywa kahawa na kula tende, na mwenyeji naye anaomba ruhusa kazini ili atimize wajibu. Wanaoumia zaidi ni akina mama waliokuja peke yao, ingawa mabasi haya yametenga viti vya mbele kwa wanawake na familia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenyeji wa Mabela, Khoudh na Mawaleh. Siku ya kwanza mpandisheni mgeni basi, mkae naye mpaka Ruwi, mumwonyeshe kituo cha kwenda na cha kurudi. Siku ya pili mwacheni aende mwenyewe, na chakula cha usiku kimsubiri nyumbani.