Namba ya mwanamemba isitembee: namna ya kuzuia Word kubadilisha listi ya koperative

Koperative mingi sasa ziko na ordinatere mu bureau. PV ya mkutano, listi ya wanamemba, hesabu ya kilo za kahawa, barua kwa mununuzi: vyote vinaandikwa mu Word. Ni maendeleo mazuri. Lakini wasekretere wengi wanatuuliza ulizo moja: juu ya nini masini inaandika kitu ambacho mimi sikuandika? Tunajibu hapa, sababu shida haiko ya uzuri wa karatasi tu. Inaweza kugusa feza ya mulimaji.

Juu ya nini Word inafanya vile

Word inafuata alama. Ikiona 1, nukta na nafasi, inawaza kama unaanza listi, na yenyewe inaendelea na 2, 3, 4. Ikiona kistari ku mwanzo wa mustari, inaweka puce. Ukiandika vistari vitatu na kufinya Entrée, inachora mustari toka upande moja wa karatasi mpaka ungine, na ule mustari haufutike kama herufi. Ukipanga ajenda kwa (a), (b), (c), ile ya tatu inageuka ©. Kisha nukta inaweka herufi kubwa.

Mambo haya yaliwekwa tangu miaka ya 1990 kwa kusaidia watu wa bureau wanaoandika barua kwa Kiingereza ao Kifaransa. Kwa barua, inasaidia kweli. Kwa registre ya walimaji, inaweza kuharibu.

Hatari kubwa: namba zinazosogea

Tuchukue mfano. Koperative iko na wanamemba 120, na sekretere aliwaandika kwa ile listi yenye Word inajihesabia. Mwanamemba wa 14 anatoka. Sekretere anafuta mustari wake. Mara moja wa 15 anakuwa 14, wa 16 anakuwa 15, mpaka wa mwisho anakuwa 119. Watu 106 wamebadilishiwa namba, na hakuna mutu aliyeandika kitu.

Lakini mu daftari ya station ya kuoshea kahawa, namba za zamani zimebaki. Siku ya kulipa ristourne, namba 40 ya daftari haiko tena namba 40 ya listi. Kilo za mama moja zinaenda kwa jirani yake. Vilevile mukaguzi wa certification akikuta mutu moja na namba mbili, ataanza kuwa na mashaka juu ya listi nzima. Tena tukumbuke: sheria ya OHADA ya mwaka 2010 juu ya koperative, yenye kutumika mu inchi yetu, inaomba koperative ichunge registre ya wanamemba ku siège.

Namba ya mwanamemba ni kama kibao mu pépinière. Miche ya mustari moja ikikufa, hatusogeze vibao vya mistari ingine. Kibao kinabaki pale, tunaandika tu kama miche imekufa.

Basi tufanye hivi. Listi ya wanamemba iandikwe ndani ya tablo. Kolone ya kwanza ni ya namba, na sekretere anaiandika mwenyewe: 001, 002, 003. Mwanamemba akitoka, mustari wake usifutwe: andika «ametoka» na tarehe. Namba yake isipewe mutu mupya.

Kama listi ya zamani inajihesabia, mbele ya kufuta mutu yeyote ichague yote, finya Ctrl na C, fungua dokima mupya, kisha ubandike kwa kuchagua «Conserver uniquement le texte». Namba zitakuwa maandishi ya kawaida, hazitasogea tena. Kisha linganisha na daftari ya mukono, mutu kwa mutu.

Kuzuia kwa muda, kuzuia kabisa

Kwa muda: Word ikibadilisha kitu, usifute kwanza. Finya Ctrl na Z pamoja, palepale. Kile Word iliongeza kinatoka, kile wewe uliandika kinabaki. Dawa hii inafaa kwa puce, kwa ©, kwa mustari murefu na kwa herufi kubwa.

Kabisa: fungua «Fichier», kisha «Options», kisha «Vérification», kisha «Options de correction automatique». Tafuta kurasa yenye maneno «lors de la frappe» ao «au cours de la frappe», inategemea version. Tosha alama mbele ya listes à puces, listes numérotées na bordures. Ku kurasa ya «Correction automatique», tosha alama mbele ya majuscule en début de phrase kama inawasumbua. Finya OK. Kazi hii inafanyika mara moja tu kwa kila ordinatere. Wenye kutumia LibreOffice wataikuta mu «Outils», pale penye imeandikwa AutoCorrection.

Majina ya watu

Mustari mwekundu chini ya jina hausemi kama jina ni mubaya. Unasema tu kama diksionere ya Kifaransa haijue jina lile, na haijue majina yetu mengi. Sekretere asikubali «correction» ya jina. Mu kurasa ile ya «Correction automatique», tosha tena alama ya kutumia mashauri ya vérificateur d'orthographe automatiquement. Jina lifuate carte d'électeur, herufi kwa herufi, sababu banki ao mobile money inaweza kukatala malipo juu ya herufi moja.

Na Excel?

Excel nayo iko na tabia zake. Namba ya simu yenye kuanza na 0 inapoteza 0. Ukiandika 1/2, inaweza kuweka tarehe. Ukiandika kilo 12.5 na nukta mu Excel yenye kupangwa kwa Kifaransa, inaweza kuikamata kama maneno, na total inairuka bila kusema kitu. Andika 12,5 na virgule. Kwa simu na namba za wanamemba, panga kolone kama «Texte» mbele ya kuanza kuandika, hapana kisha.

Ya kufanya juma hii

Sekretere, mwenye feza na memba moja wa komite ya uangalizi wakae pamoja saa moja. Wachukue majina kumi ya listi, wayalinganishe na daftari ya kupokea kahawa: namba, jina, kilo. Kama kumi zote zinaenda sawa, watie sinyatire na tarehe. Kama hata moja haiende sawa, waangalie listi yote mbele ya malipo yanayokuja. Na daftari ya mukono isitupwe: siku moto umekatika, ao ordinatere imekufa, ndiyo shahidi wetu.