Tufe na Taa Yake

Mwalimu wa Temeke au Kinondoni asiye na tufe la dukani aweza kulitengeneza. Puto lililojazwa upepo hufunikwa kwa vipande vya magazeti vilivyopakwa uji wa muhogo, tabaka nne, likaanikwa hadi likauke. Wanafunzi wachore mabara.

Na taa je? Wengi huitia ndani, kwa kuwa hupendeza; lakini mtoto huondoka akidhani Dunia yang'aa yenyewe. Tochi na ikae nje, mahali pa Jua, tufe lizungushwe kuelekea mashariki.

Kisha chomeka pini pwani ya Malindi, Kenya. Karibu na hapo, kutoka jukwaa la baharini la San Marco, setilaiti Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Karibu na Ikweta mzunguko wa Dunia, kilometa 1,670 hivi kwa saa, huisaidia roketi iendayo mashariki.