Kombolela Inahitaji Uwanja

Kombolela ni mchezo wa kopo tupu na kundi la watoto. Anayetafuta akishawakamata wenzake, mmoja aliyebaki mafichoni huchomoka mbio, hulipiga kopo teke na wote huwa huru. Mchezo unaanza upya. Jioni moja ya namna hiyo ilimtosheleza mtoto mazoezi ambayo leo tunamhesabia kwa saa. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani au makali. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Child & Adolescent Health, kwa takwimu za wanafunzi milioni 1.6 wa nchi 146, ulionyesha kuwa asilimia 81 ya wenye miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho.

Wengi huilaumu simu na katuni. Naamini sababu ya kwanza ni ardhi, na kata ya Mkonze, Dodoma, inaonyesha hivyo. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956 katika manispaa ya Dodoma. Ya 2022 ikawakuta 765,179 katika jiji hilo. Kata za pembezoni kama hii ndizo zinazopokea ongezeko hilo: shamba la mtama linapimwa viwanja, kiwanja kinazungushiwa ukuta, na kijia kinakuwa barabara ya bodaboda. Watoto wa Kigogo waliopelekwa kuchunga ndama walicheza huko huko malishoni. Wajukuu wao wanarudi shule, wanakwenda tuisheni, kisha geti linafungwa. Simu imejaza nafasi iliyokwisha kuachwa wazi.

Hasara ya kutocheza haiishii kwenye unene. Kuruka na kukimbia huimarisha mifupa wakati bado inakua, na mdako, wa kurusha kokoto juu na kuchota nyingine shimoni kabla haijatua, hufundisha jicho na mkono kwenda pamoja. Macho nayo yanahitaji mwanga wa nje. Huko Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu takriban asilimia 30 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya karibu asilimia 40 ya wenzao ambao hawakuongezewa. Dodoma ina mwanga huo bure.

Watakuwapo watakaosema tunaipamba enzi ya kale. Ni kweli kwamba uchungaji ulikuwa kazi, nyoka waliuma, na wasichana wengi waliitwa jikoni au kisimani mchezo ukiwa umenoga. Hofu ya mzazi kuhusu bodaboda nayo ni ya haki kabisa. Lakini hofu hiyo inadai mahali salama pa kuchezea. Kumfungia mtoto ndani hakumpatii mahali hapo. Michezo ya shule pia haitoshi, kwa kuwa timu huchagua wenye vipaji, ilhali kombolela humpokea hata asiyejua kukimbia.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu cha 31 kinataja haki ya kucheza. Viongozi wa mitaa ya Mkonze na wataalamu wa mipango miji, lindeni kila eneo la wazi lililo kwenye ramani kabla halijauzwa. Nasi wazazi tupokezane zamu ya kukaa hapo jioni, watoto wacheze.