Jiko la Sumaku: Pima Sufuria Kabla ya Kutoa Pesa



Baada ya kuuza mahindi, sisi wa kikundi cha akina mama hapa Mautuma tulichanga pesa tukanunua jiko la kisasa la stima, lile bapa lenye kioo juu ambalo wengi huliita "indakshen". Tukaweka sufuria ya chai. Jiko likalia pii, pii, likazima. Tukajaribu sufuria ya pili, hata ya tatu. Tukasema tumeuziwa jiko bovu. Kumbe jiko lilikuwa zima, ila sufuria zetu zote zilikuwa za alumini, na muuzaji hakutuambia kitu.

Linafanyaje kazi?

Chini ya kioo kuna waya uliozungushwa mara nyingi. Stima ikipita humo inafanya nguvu ya sumaku inayogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Nguvu hiyo ikikutana na chuma, inaamsha stima ndani ya chuma chenyewe, na kitako cha sufuria kinapata moto. Yaani sufuria ndiyo inayokuwa jiko! Alumini inapitisha stima kwa urahisi mno, haipati joto la kutosha, na jiko linaikataa. Chungu nacho hakina chuma kabisa.

Pima hivi

Tafuta sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Iguse kwenye kitako cha sufuria, upande wa nje.

1. Ikishika kwa nguvu, inafaa. Za chuma kizito na zile za chuma zilizopakwa enameli hushika vizuri.
2. Isiposhika, iache, hata kama inang'aa. Sufuria zisizoshika kutu zingine zinakubali, zingine hazikubali.
3. Kitako kiwe bapa. Karai ya mviringo haigusi kioo vizuri.

Inakula stima ngapi?

Jiko la wati 2000 likiwaka kwa nguvu zote saa nzima linamaliza uniti 2. Lakini lita 2 za maji zinachemka kwa dakika 7 hivi, kama robo ya uniti tu. Maharagwe yaloweke usiku kucha, yakichemka punguza moto na ufunike. Tukumbuke kwamba viwango vya stima vilivyoanza Aprili 2023 viliweka bei ya chini kabisa kwa nyumba zinazotumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Anayepika kila kitu kwa stima anaweza kuvuka hapo.

Tujihadhari

Chomeka jiko kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya mmoja na pasi. Sola ndogo ya taa haiwezi kuliendesha. Ukisonga ugali, shika sufuria imara, usigonge kioo. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani amuulize daktari kwanza.

Sisi tuliongeza pesa tukanunua sufuria mbili za chuma. Zile za alumini bado ziko kwenye kuni, maana stima ikipotea watoto lazima wale. Lakini pesa hizo hatukuwa tumezipangia.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, hesabu bei ya jiko pamoja na ya sufuria. Na ukienda dukani, beba sumaku mfukoni. Muuzaji akikataa upime, nenda duka lingine.