Programu ya Kurekodi Televisheni: Kwa Nini Kasoro Zitajwe Mapema

Mtu apitaye njia kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya hawezi kupita Mafinga pasipo kuona mbao. Zimepangwa marundo kwa marundo, nyingi zikiwa za misonobari ya msitu wa Sao Hill. Mnunuzi mwenye busara hatosheki na kutazama rundo. Huishika mbao moja moja, akaigeuza, akatafuta fundo na ufa. Naye muuzaji mwaminifu humwonyesha fundo kabla hajaulizwa. Seremala aijuaye mbao yake ataiweka mahali inapofaa. Lakini yule aliyefichwa fundo atalijua siku paa litakapolegea juu ya watoto wake.

Tumeanza na mbao kwa sababu jambo tutakalo kulieleza leo, ijapokuwa ni la kompyuta na televisheni, lina hukumu hiyo hiyo. Nalo ni kutoa toleo la majaribio la programu huria ya kurekodi televisheni ya dijitali.

Kwanza yatupasa kueleza mabadiliko yaliyotufikisha hapa. Tanzania Bara ilipoanza kuwa na vituo vya televisheni mwaka 1994, aliyetaka kuhifadhi kipindi alitumia mashine ya kaseti. Mashine ile ilipokea mawimbi ya antena yenyewe, ikayaandika katika utepe. Lakini usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na katika mwaka 2013 uzimaji ukaendelea katika miji mingine, Mbeya ukiwa mmojawapo. Tangu hapo mashine ile ya kaseti ikawa kiziwi, kwani mawimbi iliyozoea kuyasikia hayapo tena. Familia nyingi zikanunua king'amuzi, wakapata picha safi. Lakini uwezo wa kuhifadhi kipindi ukawapotea.

Na uwezo huo si mchezo katika nyumba ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani kipindi chenye manufaa huweza kurushwa saa ya Isha na tarawehe. Mzazi asiye na njia ya kurekodi huwa kati ya mawili: akose kipindi, au watoto wabaki mbele ya televisheni wakati wenzao wamesimama safuni. Mwenye njia ya kurekodi huzima televisheni kwa moyo mkunjufu, akaenda kusali, akarudi akakuta kipindi kinamngoja.

Basi kurekodi dijitali hufanyikaje? Mnara wa dijitali hautumi kituo kimoja kimoja kama zamani, bali hutuma vituo vingi pamoja katika mkondo mmoja wa tarakimu, uliokatwa katika vipande vidogo vya baiti 188 kila kimoja. Kompyuta iliyochomekewa kifaa cha kupokelea mawimbi, kilicho cha mfumo ule ule utumiwao na mnara, huweza kuvichagua vipande vya kituo kitakiwacho na kuviandika katika diski kama vilivyo. Kituo kikitumia biti milioni 4 kwa sekunde, saa moja hujaza gigabaiti 1.8, hivyo diski ya gigabaiti 500 huchukua zaidi ya saa 270. Ifahamike kwamba maneno haya ni ya vituo visivyofungwa. Vituo vya kulipia hufungwa kwa ufunguo wa siri, wala haifai mtu kutafuta hila za kuuvunja. Hiyo ni mali ya watu.

Programu za kufanya kazi hiyo zimekuwapo miaka mingi. Mwaka 2000 Klaus Schmidinger wa Ujerumani alianza kuitoa VDR, na mwaka 2002 Isaac Richards wa Marekani alianzisha MythTV. Zote mbili ni huria: maandishi yake ya asili yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kumpa mwenziwe. Kwa kuwa yako wazi, fundi hawezi kuficha fundo la mbao yake hata akitaka.

Sasa tufike katika kiini cha maneno yetu. Fundi akiisha kuongeza jambo jipya katika programu, hawezi kujua kwa yakini kama limekaa sawa mpaka watu wengi walitumie. Chumbani mwake ana kompyuta moja au mbili. Ulimwenguni kuna aina nyingi za vifaa na minara. Ndipo hutoa toleo la majaribio. Hulipa namba yake, akaeleza yaliyo mapya, akataja kasoro azijuazo, akaomba watumiaji wamwambie zile asizozijua. VDR ni mfano mzuri. Mfululizo wake wa majaribio, ulioitwa 1.7, ulianza mwaka 2008, na ndani yake hata namna ya kuandika vipindi katika diski ilibadilishwa. Toleo thabiti, yaani 2.0, halikutoka ila mwaka 2013, miezi michache tu baada ya Dar es Salaam kuzima analojia. Muda wa miaka mitano hivi watu walikuwa wakijaribu, wakilalamika na kurekebisha.

Huenda mtu akauliza: Je, si aibu kutoa kitu kisichokamilika? Sisi twasema aibu ni kukitoa ukakiita kamili. Programu ya kurekodi ina hatari yake: ikikosea saa, au ikasimama katikati, kipindi kilichopotea hakirudi. Kitabu kibovu utakirudisha dukani. Lakini mawaidha ya usiku mmoja, au sauti ya mzee aliyehojiwa mara moja katika maisha yake, utayatafuta wapi? Kwa hiyo mwenye kutoa toleo la majaribio akaficha kasoro amewadhulumu watu kwa jambo wasiloweza kufidiwa. Ni kweli kwamba ruhusa ya programu hizo, ile iitwayo GPL, husema wazi kuwa hakuna dhamana yo yote. Lakini kukosa dhamana si ruhusa ya kukosa ukweli. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Wala haki haiko upande wa fundi peke yake. Mwenye kuchukua toleo la majaribio naye amechukua jukumu. Kwanza, asiliweke katika kompyuta ya pekee yenye vipindi vya familia bila kuvinakili mahali pengine. Pili, aabaki na toleo thabiti karibu, ili nyumba isikose kitu kwa sababu ya majaribio yake. Tatu, akiona kasoro asiseme tu kwamba programu ni mbovu. Aeleze ni toleo la namba gani, kifaa chake ni cha aina gani, alifanya nini, alitazamia nini, na badala yake kilitokea nini. Taarifa ya namna hiyo, ijapokuwa ni ya mistari mitano, humwokolea fundi kazi ya siku nyingi. Na mwenye kuitumia programu bure, akaona kasoro akanyamaza, ni kama mtu aliyeona shimo njiani akalikwepa asiwaonye wanaomfuata.

Hapa ndipo vijana wa Mafinga wanapohusika kuliko wanavyodhani. Fundi aliye Ujerumani umeme wake haukatiki mara kwa mara; hivyo hawezi kujua vema programu yake itafanya nini umeme ukizimika katikati ya kurekodi, kisha ukarudi baada ya dakika kumi. Je, itaamka na kuendelea? Je, kipande cha kwanza kitasomeka? Huku kwetu kuna vilima vinavyozuia mawimbi, na mvua na ukungu wa nyanda za juu. Majaribio ya mawimbi dhaifu tunayo milangoni mwetu bila kuyatafuta. Kijana mwenye kompyuta kuukuu na subira huweza kutoa ushahidi ambao fundi wa Ulaya hawezi kuupata kwa fedha. Na ikiwa hatutajaribu wakati wa majaribio, kasoro zinazotuhusu zitaingia katika toleo thabiti, na sisi ndio tutakaozikuta, tena usiku ule tuliotaka kurekodi kitu cha thamani.

Tena asiseme mtu kwamba mambo haya si ya watu wetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, waliitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyosema Kiswahili. Hawakuvunja mlango wa mtu wala kuomba ruhusa ya kampuni. Maandishi yalikuwa wazi, nao wakayafanyia kazi. Asiyejua kuandika programu aweza kujua Kiswahili, na asiyejua yote mawili aweza kujaribu na kueleza alichokiona.

Basi ndugu zetu, wazee kwa vijana, tusidharau neno hili "majaribio". Fundi aliyeandika juu ya kazi yake, "Hii bado ina kasoro, nisaidieni," amesema neno la uaminifu, nalo latudai jibu la uaminifu. Mtoto wako akikuomba kompyuta kuukuu iliyolala kabatini ili ajaribu toleo jipya, mpe. Kisha umwulize jioni ameona kasoro gani, na kama amekwisha kuiandika. Mbao yenye fundo lililoonyeshwa hujenga nyumba. Ni ile yenye fundo lililofichwa ndiyo huiangusha.