Kuhifadhi Matunda: Jamu ya Mapera yenye Viungo

Katika majira ya mapera, mpera mmoja huweza kuzaa matunda mengi kuliko yanayoweza kuliwa na watu wa nyumba moja. Yasiyochumwa huanguka chini, hupasuka, na baada ya siku chache huoza. Miezi michache baadaye, watoto wa nyumba hiyo hiyo hutamani tunda wasilipate. Hasara hii huonekana katika vijiji vya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kama ionekanavyo mahali pengine nchini. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuizuia.

Kwa nini matunda huoza?

Hewani, udongoni na juu ya ganda la tunda kuna viumbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Viumbe hivyo ni bakteria, hamira na kuvu. Ganda likipasuka, huingia ndani, hula utamu wa tunda na kuongezeka upesi. Katika miaka ya 1860, mwanasayansi wa Ufaransa aitwaye Louis Pasteur alionyesha kwamba viumbe hivi ndivyo viharibuvyo vyakula.

Viumbe hivi huhitaji maji ili viishi. Kwa hiyo, tukitaka kuhifadhi chakula, yatupasa kufanya mambo matatu: kuviua kwa moto, kuvinyima maji, na kuvizuia visiingie tena.

Wazee wetu walizitumia kanuni hizi tangu zamani. Nyama iliyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani haiozi upesi, kwa sababu imekauka. Asali inayorinwa katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, hukaa muda mrefu bila kuharibika. Asali ina maji kidogo, na sukari yake ni nyingi mno hata bakteria hawawezi kuyatumia maji hayo. Jamu nayo huhifadhiwa kwa sukari nyingi.

Jaribio

Kata pera vipande viwili. Weka kila kipande katika kisahani chake. Nyunyiza kijiko kimoja cha sukari juu ya kipande kimoja tu. Tazama baada ya saa moja. Utaona kwamba kipande chenye sukari kimetoa maji. Sukari imeyavuta maji kutoka katika tunda. Hivyo ndivyo sukari nyingi inavyovuta maji kutoka katika miili ya bakteria, nao wakashindwa kuongezeka.

Vitu vinavyohitajiwa

Kilo 1 ya mapera yaliyoiva, pamoja na machache ambayo hayajaiva sana, vikombe 2 vya maji, sukari, malimau 2, kijiti 1 cha mdalasini, karafuu 3, kipande kidogo cha tangawizi, sufuria nzito isiyo na kutu, mwiko mrefu, chujio, na chupa za kioo zenye midomo mipana na vifuniko vyake.

Viungo vyetu hutoka katika sehemu mbalimbali za mimea. Mdalasini ni gome la mti. Karafuu, izaliwayo kwa wingi Pemba, ni chipukizi la ua lililokaushwa kabla ya kufunguka. Tangawizi ni shina liotalo chini ya ardhi. Viungo huipa jamu harufu na ladha nzuri, lakini si vyo viihifadhivyo.

Namna ya kutengeneza

1. Osha mapera. Ondoa sehemu zilizooza, kisha yakate vipande.
2. Yachemshe katika maji mpaka yalainike. Yapitishe katika chujio ili mbegu zibaki. Utapata rojo.
3. Pima rojo kwa kikombe. Kwa kila kikombe kimoja cha rojo, tia kikombe kimoja cha sukari.
4. Tia maji ya malimau na viungo. Koroga juu ya moto mdogo mpaka sukari iyeyuke, kisha ongeza moto.
5. Endelea kukoroga ili jamu isiungue. Ikiwa nzito, ipime.

Katika mapera mna kitu kiitwacho pektini. Pektini ikichemshwa pamoja na sukari na asidi ya limau, jamu huganda. Mapera ambayo hayajaiva sana yana pektini nyingi zaidi. Ndiyo sababu tumeyachanganya.

Kupima jamu

Vitabu vingi husema jamu iko tayari ikifikia joto la nyuzi 105 za Sentigredi. Kipimo hicho ni cha pwani, ambako maji huchemka katika nyuzi 100. Sehemu nyingine za milima ya Mbulu ziko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na maji huchemka katika nyuzi 93 hivi. Mpishi wa huko akingoja nyuzi 105, jamu yake itakuwa ngumu na kuungua. Kwa hiyo tumia kipimo kifaacho kila mahali: weka tone la jamu juu ya kisahani baridi, ngoja kidogo, kisha lisukume kwa kidole. Likifanya mikunjo, jamu iko tayari.

Kutia chupani

Kwa kuwa maji ya milimani huchemka kwa joto dogo, chemsha chupa na vifuniko kwa dakika 20 ili viumbe waharibifu wafe. Ondoa mdalasini, karafuu na tangawizi. Tia jamu ingali moto sana, ukiacha nafasi ndogo juu, kisha funika. Simamisha chupa zilizojaa katika sufuria ya maji ya moto yenye kitambaa chini, maji yakizifunika, uzichemshe kwa dakika 15. Ziweke mahali penye giza na baridi.

Tahadhari

Jamu ya moto hunata mwilini na kuunguza vibaya kuliko maji. Fanya kazi hii pamoja na mtu mzima. Jamu ikiota ukungu, itupe yote. Usiondoe ukungu wa juu na kula inayobaki. Kumbuka pia kwamba moto hupunguza vitamini C iliyo nyingi katika mapera. Basi kula matunda mabichi wakati wake, na ule jamu kwa kiasi.

Maswali

1. Taja aina tatu za viumbe viharibuvyo matunda.
2. Kwa nini asali haiozi upesi?
3. Limau lina kazi gani katika jamu?
4. Kwa nini mpishi wa Mbulu asingoje nyuzi 105?
5. Ni matunda gani hupotea bure kijijini kwenu? Eleza jinsi mnavyoweza kuyahifadhi.